Ukiwa mgeni Mombasa: namna ya kuzitembelea familia zilizokimbia vurugu

Mombasa hakuna kambi ya kwenda kutazama. Kambi za wakimbizi za miaka ya 1990, kama ile ya Utange, zilifungwa zamani. Waliofurushwa makwao na wakabaki mjini wamo majumbani mwa watu: kwa ndugu, kwa jamaa wa msikitini au kanisani, au katika chumba kimoja cha kupanga kule Kisauni, Likoni au Changamwe. Kwa hiyo ukija kukaa kwa rafiki na ukataka kuwajulia hali, unaingia nyumba mbili kwa mpigo, ya waliokimbia na ya aliyewapokea. Huyu wa pili wageni humsahau, ilhali ndiye anayegawa sufuria yake kila jioni.

Anza na mwenyeji wako mwenyewe. Mweleze nia yako kabla ya kusafiri, kwa sababu ukikosea huko utakakokwenda, atakayeulizwa ni yeye. Akisema wakati si mzuri, usimzunguke kwa kupitia mtu mwingine. Na hesabu ya mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe aichukue yeyote anayekaa zaidi ya wikendi: nunua tokeni za stima, jazisha mtungi wa gesi, lipia maji ya mkokoteni siku ambazo mfereji umekauka.

Mwenyeji wako ndiye apige simu ya kuomba ruhusa, na wao ndio wachague siku. Asubuhi si saa nzuri. Kina mama wengi wametoka kutafuta vibarua vya kufua, na wanaume wako mjengoni. Adhuhuri chumba cha mabati hakikaliki kwa joto. Baada ya alasiri, kama saa kumi, watu hupumua. Ondoka kabla ya magharibi ili wasilazimike kukupikia. Nendeni wawili, msizidi watatu, na mmoja awe mwanamke, kwani kuna mambo ambayo mama hatayasema mbele ya mwanamume.

Mzigo ndipo pa kufikiri zaidi. Nyumba ya watu sita humaliza pakiti ya unga ya kilo 2 kwa milo miwili hivi, basi usipeleke pakiti moja ukadhani umesaidia. Kwa wiki moja, ugali mara moja kwa siku, hesabu pakiti nne za unga, mchele kilo 4, mafuta lita 2, sukari kilo 2, chumvi, majani ya chai, miche miwili ya sabuni na sodo za kutosha wanawake waliomo. Kosa la kawaida ni maharagwe. Maharagwe makavu hula makaa kwa saa moja na nusu au zaidi, na makaa ni pesa. Peleka pojo, ambazo zikilowekwa huiva upesi, au ongeza pesa ya makaa. Pea ya leso haikosi kazi: hujifunika mama, hufunika mtoto, na huwa pazia la kugawa chumba. Nguo za ndani ziwe mpya.

Sasa, usishuke na mzigo huo garini mbele ya plot nzima, yaani wapangaji wote wa uani. Mwenye nyumba akiona mabegi yanateremshwa, kesho yake hudai kodi ya miezi iliyopita, na majirani wenye njaa ileile huanza kuwatazama kwa jicho jingine. Njia iliyo bora ni duka la karibu. Lipa kwa M-Pesa, mwenye duka aandike kiasi kwenye daftari kwa jina la mama wa familia, na mama abaki na nakala yake. Atachukua kidogo kidogo, na panya hawatapata ghala. Bila nakala hiyo pesa hupungua kimyakimya. Kodi ukitaka kuilipa, mlipe mwenye nyumba moja kwa moja na risiti iandikwe jina la mpangaji. Kisha aliyewapokea naye apate chake, japo nusu ya hicho, la sivyo ziara yako itazua kinyongo jikoni.

Mlangoni piga hodi na ungoje uitikiwe. Vua viatu, waamkie wakubwa shikamoo, kaa ulipoonyeshwa. Sema, "Poleni na yaliyowafika." Wakijibu, "Tushapoa," geuzia maneno kwenye watoto, shule, bei ya samaki. Usiulize walioshambulia walikuwa nani, wala nani alikufa, wala kabila lao. Likoni mnamo Agosti 1997 watu wa bara waliwindwa kwa asili yao, vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zikafuata ukabila, na Mpeketoni, kaunti ya Lamu, mnamo Juni 2014 waliuawa zaidi ya watu 60. Kwa aliyepitia hayo, swali la "kwenu ni wapi hasa?" lina makali. Akiamua kusimulia mwenyewe, sikiliza mpaka amalize, na usimlinganishe na mwingine. Picha usipige, hata ya mtoto anayetabasamu. Sura ikisambaa, aliyekimbia hupatikana.

Wakikuuliza utawafanyia nini, taja tu lile unaloweza kulifanya wiki hiyo. Mara nyingi msaada mkubwa ni nauli na mtu wa kufuatana naye. Kitambulisho kilichoungua au kupotea huanzia kituo cha polisi kwa kuandikiwa abstrakti, yaani hati ya polisi ya kitu kilichopotea, kisha ombi jipya kwenye Huduma Centre, ofisi ya serikali ya kuhudumia wananchi. Mwenye presha, kisukari, kifua kikuu au anayetumia ARV (dawa za kudhibiti HIV) aliyekimbia bila dawa aende kliniki ya serikali siku hiyohiyo, asingoje kadi yake ya zamani. Aliyebakwa awahi hospitali ndani ya saa 72, muda ambao dawa ya kuzuia HIV bado inafaa, na asioge wala kufua nguo kabla ya kuonwa. Hospitali kuu ya Pwani pale Mombasa ina kituo cha huduma hiyo. Hata saa hizo zikipita, bado aende. Simu 1195 kwa dhuluma za kijinsia na 116 kwa watoto hazilipiwi.

Ukiamua kuendelea kutuma pesa baada ya kurudi kwenu, waambie tangu mwanzo ni miezi mingapi. Tuma kabla ya tarehe 5, kodi inapodaiwa, na utoe taarifa mwezi mzima kabla ya kuacha, ili wapate muda wa kutafuta chumba cha bei nafuu.