Kucheza muziki wa simu kwenye redio ya gari la zamani

Kabla ya kununua chochote, ikague redio yenyewe. Tafuta tundu dogo la milimita 3.5, kama lile la hedifoni, lenye maandishi AUX. Mara nyingi liko usoni pa redio, ingawa kwenye magari mengine limejificha ndani ya kasha lililo kati ya viti viwili vya mbele au kwenye droo ya dashibodi. Ukiliona, unahitaji waya mmoja tu wenye plagi ya 3.5 kila upande, kisha ubonyeze SOURCE, MODE au CD/AUX mpaka redio ihamie huko. Usipoliona, fuata mpangilio huu: nyuma ya redio kwanza, kaseti pili, kirushio cha FM, kifaa kinachourusha muziki wa simu hadi kwenye redio bila waya, mwisho kabisa. Wengi huanza na kirushio kwa kuwa hakihitaji kufungua kitu, halafu wakaishia kuilaumu redio ambayo haina kosa.

Waya nao una mambo yake. Plagi yenye pete nyeusi mbili ndiyo inayotakiwa. Yenye pete tatu ni ya hedifoni zenye maikrofoni, na kwenye tundu la zamani erthi yake, yaani njia ya kurudishia umeme, inaweza isishike sawasawa. Dalili haijifichi: ala zinasikika kwa mbali, mwimbaji hayupo. Erthi ikikosekana, spika hupata tofauti tu kati ya upande wa kushoto na wa kulia, na kwa kuwa mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa sawa pande zote mbili, anafutika. Vuta plagi nje kidogo sana. Mwimbaji akirudi, badilisha waya. Kama simu yako haina tundu la hedifoni, chukua adapta yenye chipu yake ya kugeuza sauti. Zile zisizo na chipu hufanya kazi kwa baadhi ya simu tu.

Weka sauti ya simu kwenye asilimia 80 hivi, kisha ongeza kwenye redio. Simu ikiwa juu kabisa, muziki unaweza kuanza kupasuka kabla haujafika kwenye spika. Ikiwa chini sana, utalazimika kuipandisha redio na kelele zake zote.

Nyuma ya redio

Redio nyingi za miaka ya 1990 na 2000 zilitengenezwa zikiwa na soketi ya kuunganishia mashine ya kubadilisha CD, ile iliyokuwa ikifungwa kwenye buti. Hiyo ndiyo njia safi kuliko zote kwa gari lisilo na AUX.

1. Tafuta kwanza kodi ya siri ya redio, kwenye kadi yake au kitabu cha gari. Baadhi ya redio zikikatiwa umeme hujifunga, na bila kodi haziwaki tena.
2. Fungua waya hasi wa betri. Kwa magari mengi spana namba 10 inatosha.
3. Chomoa redio. Ikiwa uso wake una vitundu vinne pembeni, sukuma ndani funguo mbili zenye umbo la U hadi zishike, zitanue kidogo kwenda nje, uvute. Nyingine zimeshikwa na skrubu nyuma ya fremu ya plastiki.
4. Soma lebo ya juu ya kasha, uandike namba ya modeli. Adapta hununuliwa kwa namba hiyo, si kwa jina la gari.
5. Angalia soketi. Kwenye mfumo wa ISO, ule wa soketi za kawaida za redio za magari, A ni ya umeme, B ni ya spika, na C ndogo imegawanyika mara tatu. Kipande cha bluu kwa kawaida ndicho cha CD.

Redio nyingi haziufungui mlango huo mpaka zipokee mawasiliano ya mashine ya CD, ndiyo maana waya mtupu uliokatwa nyumbani haufanyi kazi. Adapta yenye saketi ya kuiga mashine hiyo ndiyo inayofanya. Ukikuta matundu ya RCA, mekundu na meupe, soma maandishi: AUX IN hupokea, PRE OUT au LINE OUT hutoa.

Usiunganishe simu kwenye nyaya za spika hata kwa kujaribu. Kwenye redio nyingi, nyaya zote mbili za kila spika zina takriban volti 6 na hakuna hata mmoja ulio erthi. Simu inaweza kuungua pale pale.

Kaseti

Kaseti yenye waya wa kuchomeka kwenye simu ni ya bei ndogo na inashinda virushio vingi kwa usafi wa sauti. Kabla ya kuiingiza, safisha kichwa cha deki kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, kisha zima Dolby, ile ya kupunguza mvumo wa kaseti, maana itakula sauti kali za juu. Deki ikigeuza upande kila mara au ikitema kaseti, inadhani utepe umekwama: magurudumu ya ndani ya kaseti hayazunguki au ni mazito. Upande mmoja ukiwa hafifu, isukume kaseti kidogo kushoto au kulia. Kichwa cha kaseti na cha deki havijakutana sawa.

Kirushio cha FM

Kirushio ni kituo kidogo cha redio, na udogo wake ni wa kisheria: Ulaya, kwa mfano, kikomo ni nanowati 50. Chagua masafa matupu ambayo hata jirani zake wa megahezi 0.2 kila upande wako kimya, na uwe tayari kuyabadilisha ukiwa safari ndefu. Redio za zamani za soko la Japani huanzia 76 na kuishia megahezi 90, wakati virushio vingi huanzia 87.5. Nafasi inayobaki ni finyu sana, kwa hiyo tafuta kirushio kinachoshuka chini ya 87.5. Bora zaidi ni modyuleta ya waya inayokaa kati ya antena na redio: waya mwekundu kwenye ACC, yaani waya unaopata umeme ufunguo ukigeuzwa, mweusi kwenye bodi ya gari. Ikiwashwa, hukata antena ya nje na vituo vya mjini havikuingilii.

Mluzi unaopanda na injini

Ukisikia mluzi unaofuata mwendo wa injini, chomoa chaji ya simu. Ukinyamaza, tatizo ni erthi mbili: simu imefika kwenye bodi ya gari kupitia chaji na pia kupitia waya wa sauti, na kelele za alteneta zinapita katikati. Kubadilisha redio hakutasaidia. Weka kitenganishi cha erthi, kile kijisanduku chenye transfoma mbili ndogo, kwenye waya wa sauti. Kipokezi cha Bluetooth chenye betri yake nacho huondoa mluzi huo, mradi usikichaji kwenye gari wakati muziki unapiga. Kwa gari la volti 24, hakikisha chaji imeandikwa 12–24V kabla ya kuichomeka.