Kubadilisha matumizi ya ploti Nairobi, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba ya makazi hapa Nairobi anayetaka kuitumia kwa shughuli nyingine: chekechea, kliniki, ofisi, nyumba ya wageni. Nimeuandika baada ya kumsindikiza mama mmoja wa Lavington aliyetaka kufungua chekechea katika nyumba aliyoachiwa na wazazi wake, tangu alipotuletea hati hadi kaunti ilipompa kibali. Nafanya kazi katika ofisi ya mpanga miji, na maombi ya aina hii ndiyo riziki yetu.

Wengi huja wakiogopa fomu. Fomu si shida. Wanaoliinua au kuliangusha ombi lako ni wale wanaoishi upande wa pili wa ukuta, ndiyo maana hatua ya tano hapa chini imekuwa ndefu kupita zote.

Jambo moja kabla ya kuanza. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, kubadilisha matumizi ya nyumba kunahitaji kibali cha kaunti hata kama hutaongeza tofali hata moja. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi miwili, au vyote viwili. Kwa hiyo usiandikishe watoto wala usipokee kodi ya ofisi kwa matumaini kwamba karatasi zitakuja nyuma.

Hatua ya 1: Isome hati yako

Fanya upekuzi rasmi kupitia Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni wa Wizara ya Ardhi. Hakikisha jina lililomo ni lako. Kama bado ni la marehemu mzazi, simama hapo umalize mirathi kwanza.

Kisha angalia kama ardhi ni yako moja kwa moja au ni ya lizi, yaani umekodishwa kwa miaka maalumu. Ploti nyingi za Nairobi ni za lizi, na ndani ya lizi mna masharti maalumu, mara nyingi likiwemo linalosema ardhi itumike kwa makazi tu. Sharti hilo halikuzuii kuomba, lakini kaunti italizingatia, na litakurudisha Wizara ya Ardhi baadaye.

Angalia pia namba. Ploti nyingi zilizokuwa na namba za zamani za LR zimehamishiwa namba mpya za bloku. Hati inaweza kusoma namba moja huku bili ya reti, yaani kodi ya ardhi ya kaunti, ikisoma nyingine. Andika namba zote mbili katika kila karatasi utakayotoa, notisi ikiwemo. Jirani asiyeridhika akigundua kwamba notisi ilitaja namba ambayo haipo kwenye hati, amepata hoja bila kutoa jasho.

Hatua ya 2: Jua uko katika ukanda gani

Nairobi imegawanywa katika kanda, na kila ukanda una matumizi yanayoruhusiwa, kiasi cha ploti kinachoweza kufunikwa na jengo, na ukubwa wa jumla wa sakafu zote ukilinganishwa na ploti. Mwongozo wa kanda ambao wengi wetu tumeukulia ni ule wa 2004. Juu yake kuna mpango mkuu wa jiji, NIUPLAN, unaohusu miaka ya 2014 hadi 2030. Mwambie mpanga miji wako akuonyeshe ploti yako iko wapi katika nyaraka hizo, kwa maandishi, si kwa mdomo.

Usiipime sheria kwa unachokiona barabarani. Kuwepo kwa baa mlango wa tatu hakumaanishi mtaa wenu unaruhusu baa. Nimesikia hoja hiyo mara nyingi na sijaiona ikimsaidia mtu.

Hapa nina msimamo. Kama utaendelea kuishi katika nyumba hiyo, au sehemu yake itabaki makazi, omba kupanua matumizi, usiombe kuyabadilisha. Kupanua maana yake makazi yanabaki na shughuli ndogo inaongezwa. Majirani huipokea kwa utulivu zaidi, maana nyumba inabaki nyumba. Mama wa Lavington alikuja akitaka kubadilisha kila kitu. Tulipokaa naye ikaonekana ataendelea kulala ghorofani na watoto watakuwa chini. Tukaomba upanuzi. Ombi la kubadilisha matumizi yote linamfaa yule ambaye kweli anahama.

Hatua ya 3: Mpanga miji aliyesajiliwa

Lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wapanga Miji. Omba namba yake ya usajili na uithibitishe. Ombi huingizwa kwenye mfumo wa kaunti wa mtandaoni kupitia akaunti yake, na jina lake ndilo linalobeba ripoti. Usimpe kazi hii broka anayekwambia ana mtu wake ndani ya City Hall, makao makuu ya kaunti. Pesa ikishatoka hutakuwa na risiti wala mtu wa kumshika.

Hatua ya 4: Lipa reti

Ukiwa na deni la reti hutapata cheti cha kutodaiwa, na bila cheti hicho ombi halisogei. Kama una lizi, maliza pia pango la ardhi la serikali ya kitaifa.

Hatua ya 5: Notisi, na majirani wenyewe

Sheria inakutaka uutangazie umma unachokusudia kufanya, na inampa mtu yeyote siku 14 tangu tangazo kutoa maoni au kupinga. Kwa kawaida tangazo linakwenda sehemu mbili: magazeti mawili ya kila siku, na ubao kwenye ploti yenyewe.

Kwa magazeti, mimi hupendelea moja liwe Taifa Leo. Mzee wa jirani, mwenye duka la kona na mlinzi wa geti huenda wasiguse gazeti la Kiingereza, lakini Taifa Leo inasomwa na kupitishwa mkono kwa mkono. Weka gazeti zima, usikate kipande. Ukurasa uonyeshe jina la gazeti na tarehe.

Maneno ya notisi yawe wazi. Taja namba za ploti, barabara, mtaa, matumizi ya sasa, matumizi unayoomba, na mahali maoni yatakapopelekwa, yaani kwa waziri wa kaunti anayesimamia mipango ya mji. Ukiomba chekechea, andika chekechea. Wapo wanaoandika "matumizi ya kielimu" au "matumizi mchanganyiko" wakidhani neno pana litawalinda. Linafanya kinyume. Jirani asiyejua unataka nini huwaza kibaya zaidi, na baadaye anaweza kudai hakuelezwa. Mahakama zetu zimebatilisha vibali pale zilipoona ushirikishwaji wa umma ulikuwa wa jina tu.

Ubao uwe nje ya geti, unaosomeka kutoka barabarani, wa kitu kisicholoa. Karatasi iliyobandikwa kwa selotepu haimalizi wiki msimu wa mvua za Aprili. Piga picha ubao ukiwa na geti na namba ya nyumba nyuma yake, siku ya kwanza na siku ya mwisho, na katikati pia. Ukiangushwa, uusimamishe tena siku hiyo hiyo na upige picha nyingine. Hesabu siku 14 kuanzia tangazo lililochelewa kutoka. Kama gazeti la pili limetoka Ijumaa na ubao ulisimama Jumatatu iliyotangulia, hesabu kutoka Ijumaa.

Hayo ndiyo wengi hufanya, kisha wakakaa kungoja siku ziishe bila mtu kusema neno. Nakusihi usifanye hivyo. Kabla notisi haijatoka, nenda mwenyewe ukabishe hodi. Nenda kwa majirani unaopakana nao ukuta, wa ng'ambo ya barabara, na yule wa nyumba ya kona ambaye magari yote yatapita mbele yake. Nenda jioni au Jumamosi, watu wakiwa nyumbani. Usiende na wakili. Nenda na mchoro mmoja wa karatasi na umwonyeshe mtu gari litaingilia wapi na litatokea wapi.

Barua uliyomwachia soja wa geti haijafika. Na mtu anayekufungulia mlango si lazima awe mwenye nyumba. Lavington, Kilimani na Kileleshwa zimejaa wapangaji, huku mwenye nyumba yuko Ughaibuni au anaishi upande mwingine wa jiji. Mpangaji anaweza kukubali kwa moyo mmoja, kisha mwenye mali akaona tangazo mtandaoni na kuandika pingamizi kali kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Omba mawasiliano ya mwenye nyumba kupitia mpangaji au wakala wa kodi, umwandikie kwa heshima, na uhifadhi jibu lake.

Chama cha wakazi nacho kitafute mapema. Mitaa mingi ina vyama imara, na kile cha Karen na Lang'ata kinajulikana kwa kufuatilia maombi ya aina hii kwa miaka mingi. Omba kuhudhuria mkutano wao. Wakikuita uje kujieleza, hiyo ni nafasi njema. Na kama nyumba yako imo ndani ya geti moja na nyingine, soma kanuni za kampuni ya usimamizi kwanza, kwa sababu huenda zinakataza biashara kabisa na kibali cha kaunti hakiziondoi.

Majirani hupinga nini? Maswali yao hayatofautiani sana. Magari yataegeshwa wapi saa moja na nusu asubuhi? Mfereji wa maji machafu utabeba watu wote hao? Kelele zitaanza saa ngapi? Jenereta itakaa karibu na chumba cha nani? Takataka zitachukuliwa siku gani? Jibu kila moja kwa kitu kinachoonekana kwenye mchoro au kinachoweza kuhesabika. "Tutadhibiti msongamano" si jibu. "Magari sita yanaingia ndani ya ua, yanashusha watoto na kutokea geti la pili, hakuna linalosimama barabarani" ni jibu. Kwa mama wa Lavington tuliweka idadi ya juu ya watoto, saa za kufungua na kufunga, uwanja wa michezo ukahamishwa kutoka ukuta wa mashariki kwenda nyuma ya nyumba, mbali na chumba cha bibi mmoja mgonjwa aliyekuwa akilala mchana. Bibi huyo ndiye aliyekuwa na wasiwasi mkubwa kuliko wote, na alikuwa na haki. Ombi lilikuwa zuri zaidi baada ya kumsikiliza.

Pingamizi likija kwa maandishi, lijibu kwa maandishi, hoja kwa hoja, bila kumshambulia aliyeliandika. Kama hoja yake ina ukweli, badilisha mchoro na useme umebadilisha. Usikusanye sahihi za watu wasiokaa mtaani ili kuonyesha unaungwa mkono. Na usimlipe mtu aondoe pingamizi. Anaweza kuchukua pesa na kulirudisha.

Hatua ya 6: Kuwasilisha na kungoja

Mpanga miji ataingiza ripoti, hati, cheti cha reti, mchoro, matangazo, picha za ubao na mawasiliano yote na majirani. Kaunti hupeleka nakala kwa idara na mashirika mengine yatoe maoni: barabara, maji na mifereji, afya, na kwa miradi mingine NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira.

Sheria inasema usipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali kinahesabiwa kuwa kimetolewa. Usijenge juu ya kifungu hicho. Benki na msajili wa ardhi watataka karatasi yenye sahihi. Kitumie kama sababu ya kuandika barua ya ukumbusho siku ya 61, nakala ukae nayo.

Hatua ya 7: Ukikataliwa, au ukipewa masharti usiyoyaweza

Siku ni 14 tangu uamuzi, na zinakwenda upesi. Rufaa hupelekwa kwa kamati ya kaunti ya mashauriano ya mipango na matumizi ya ardhi, ambayo kisheria inapaswa kusikiliza na kuamua ndani ya siku 14 nyingine. Asiyeridhika na kamati huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Usiruke kamati ukimbilie mahakamani. Majaji wamewarudisha wengi waliofanya hivyo bila hata kugusa kiini cha kesi.

Mbele ya kamati, usieleze unavyohitaji pesa wala ulivyotumia. Eleza ardhi: ukanda unasema nini, barabara inabeba nini, jirani anaathirika vipi na umefanya nini kupunguza hilo. Chukua sababu za kukataliwa moja baada ya nyingine na uzijibu kwa mpangilio ule ule kaunti iliouandika.

Kumbuka kwamba jirani naye ana haki ya rufaa hiyo hiyo, kwa muda ule ule. Ukipewa kibali leo, usibomoe ukuta kesho. Ngoja siku 14 zipite.

Hatua ya 8: Baada ya kibali

Soma masharti yaliyoandikwa kwenye kibali na uyabandike ofisini, hasa idadi na saa. Kama ardhi ni ya lizi, peleka kibali Wizara ya Ardhi ili lizi yenyewe irekebishwe. Pango linaweza kupanda, na hati yako isipobadilishwa utakwama siku ya kuuza au kukopa. Kama kuna ujenzi, michoro ya mjenzi ni ombi lingine. Kisha ndipo leseni ya biashara ya kaunti, na kwa chekechea, usajili wa shule. Jirani aliye kama yule bibi wa ukuta wa mashariki mpelekee nakala ya kibali mwenyewe, ili ajue saa zilizoandikwa na namba ya simu ya kupiga zisipofuatwa.