Kabla ya kuchomelea silinda ya bledi ya nyuma
Nimelazimika kukata na kuchomelea upya, hivyo nashauri: unapofunga silinda ya haidroliki ya kugeuza pembe ya bledi ya trekta (bamba la kusukuma udongo linalofungwa nyuma), kwanza iweke bledi mraba na trekta, yaani ikingame sawasawa nyuma yake, vuta fito ya silinda (chuma kinachotoka na kuingia) hadi nusu ya mwendo wake, ndipo uchomelee masikio ya kuishikilia, ili ibaki na nafasi ya kusukuma na ya kuvuta na bledi igeuke kulia na kushoto pasipo upande mmoja kukwama mapema. Silinda iwe ya mipira miwili ya mafuta, mmoja wa kusukuma na mmoja wa kuvuta. Penye visiki na mawe mpango huu haufai, kwa kuwa kona ya bledi ikigonga, kishindo chote huishia kwenye fito na kuipinda. Huko rudisha tunduni pini ya zamani iliyokuwa ikishikilia pembe ya bledi kabla ya silinda, au ongeza kati ya mipira hiyo vali inayoachia mafuta shinikizo linapozidi.