Nakala unayo. Je, umewahi kuirejesha?

Wateja wengi wanaoniletea kompyuta hapa Kakamega huniambia, "Fundi, mafaili yangu yako salama, yako kwenye diski ya nje." Nikiwauliza kama wamewahi kufungua hata moja kutoka humo, wananyamaza. Kuhifadhi nakala ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kurejesha, na wengi huanza kuijaribu siku kompyuta imeshakufa.

Tuanze na kuhifadhi. Chomeka diski. Kwenye Windows 10 au 11 fungua Control Panel, kisha File History, sehemu ya Windows inayokunakilia mafaili, ubonyeze Turn on. Diski ikiwa imechomekwa, folda kama Documents, Pictures na Desktop hunakiliwa kila saa. Lakini folda uliyojitengenezea moja kwa moja kwenye C:, yaani diski ya ndani ya kompyuta, haiguswi. Kama alama za wanafunzi wako ziko huko, zihamishie Documents leo hii.

Nakala zikikamilika, toa diski. Mvua zetu za alasiri huja na radi, na umeme ukipita kwenye waya unaweza kuunguza kompyuta pamoja na kila kilichochomekwa. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa, kama WannaCry ya Mei 2017, navyo huingia hadi kwenye diski iliyounganishwa.

Sasa kurejesha, na hapa nenda polepole. Ndani ya File History bonyeza Restore personal files. Chagua faili unalolijua vizuri, tuseme hesabu za chama. Kile kitufe cha kijani usikibonyeze kwanza: hulirudisha faili mahali pake pa zamani, na ukikubali kubadilisha, kazi ya leo imekwenda. Kibonyeze kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua Restore to, kisha uelekeze kwenye folda mpya. Lifungue. Soma hadi mstari wa mwisho. Picha nazo zifungue, usitosheke na majina yake.

System Restore ni kitu kingine: hurudisha mipangilio na programu, si barua uliyoifuta.

Kompyuta ikifa kabisa, chomeka diski ile kwenye mpya, fungua File History na uichague. Utaona kisanduku cha kutumia nakala za awali. Kitie alama kabla ya kubonyeza Turn on.