Gari yako ikakaguliwe wapi hapa Dar, na utajuaje siku imefika

Dada yangu wa Tabata ana Hiace ya kubeba wanafunzi. Kila mwaka wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa lazima anipigie usiku, "kaka hivi hii gari naipeleka wapi ikakaguliwe, nimeambiwa bila karatasi hakuna kubeba watoto." Na sio yeye tu, jirani ana IST anauliza, shemeji kanunua Noah ya mkononi anauliza, kwaiyo naona bora niandike yote mara moja. Mimi nina gari ya kutembelea na nyingine iko biashara, milango karibu yote nimeshaigonga, najua wapi unapoteza siku nzima na wapi unamaliza kabla ya saa nne.

Anza na kibao cha namba cha gari yako. Kama ni cha njano hiyo ni gari binafsi, kama ni cheupe ni ya biashara, na hapo ndo njia zinaachana kabisa. Watu wengi wanahangaika kwa sababu mwenye namba ya njano anamuuliza mwenye namba nyeupe, anapewa jibu la kweli lakini si la kwake.

Ya njano kwanza. Huku kwetu hakuna mtu atakayekutumia meseji kwamba gari yako muda wake wa kupimwa umefika. Binamu yangu yuko London, kule gari ikitimiza miaka 3 tangu isajiliwe inaanza kupimwa kila mwaka, na ukiingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali unaoneshwa tarehe yake ya mwisho. Hapa tarehe unaitunza mwenyewe. Kinachotukumbusha wengi wetu ni Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, trafiki wanatangaza ukaguzi, gari inaangaliwa, ikiwa sawa unalipia stika inabandikwa kwenye kioo cha mbele. Angalia stika yako sasa hivi, ni ya mwaka gani? Kama ni ya zamani basi jibu lako la "lini" umeshalipata, usisubiri usimamishwe barabarani. Na naomba hili tuelewane, stika bila ukaguzi ni karatasi tu. Kuna watu wanaagiza stika gari ikiwa imelala nyumbani Kimara, inaletwa kama chipsi, wanabandika na kuendelea na safari huku breki zinasaga chuma kwa chuma. Inaniuma sana hii, maana barabara ni moja, mimi na wewe na mtoto anayevuka pale Ubungo tuko humo humo.

Namba nyeupe ni mambo ya LATRA. Daladala, bajaji, bodaboda, teksi za mtandao, magari ya wanafunzi, ya kukodi, mizigo, wote hao leseni ya usafirishaji wanachukua LATRA, ile mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyokuja na sheria ya 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA. Leseni ina tarehe ya mwisho imeandikwa juu yake. Sasa siku hizi maombi yanafanyika kwenye mfumo wao wa mtandaoni unaitwa RRIMS, na kwenye viambatanisho wanataka taarifa ya ukaguzi wa gari kutoka kwa mkaguzi wa polisi. Maana yake ukaguzi unatangulia leseni. Mimi nachofanya ni hiki, nachukua tarehe ya mwisho ya leseni narudi nyuma mwezi mzima, hiyo ndo siku yangu ya kwenda kwa mkaguzi. Mwezi mzima, kwa sababu ukikutwa na kasoro unahitaji kwenda gereji, fundi akuzungushe siku mbili tatu, urudi ukaguliwe tena, alafu ndo uanze kuapload. Ukienda siku tatu kabla, gari italala na hesabu ya tajiri itakuwa palepale.

Magari ya wanafunzi yana kalenda yake, trafiki wanayakagua wakati wa likizo kabla ya kufungua shule Januari na Julai. Dada yangu nimemwambia aende wiki ya kwanza ya likizo. Ile wiki ya mwisho mnakutana wote, Coaster na Hiace zimepanga foleni mpaka barabarani, mkaguzi mmoja ana magari arobaini mbele yake, jua la saa sita, na kosa dogo tu linakurudisha nyuma ya mstari.

Kuna nyakati nyingine zisizofuata kalenda. Ukipata ajali, gari inakaguliwa na polisi kabla mambo ya bima hayajaenda popote, usikimbilie kuipeleka kunyooshwa bodi. Ukibadilisha injini au rangi, kadi lazima ibadilishwe TRA, na hapo ripoti ya ukaguzi ya trafiki utahitaji. Gari iliyotumika iliyotoka nje, hiyo inapita TBS, shirika la viwango, kwanza. Na ukinunua ya mkononi, hata kama muuzaji ni mtu wa kanisani kwenu au msikitini kwenu, ipeleke ikaangaliwe kabla hujatoa hela.

Sasa wapi. Ukaguzi wa kisheria ni wa polisi, kikosi cha usalama barabarani, na kwa Dar kazi imegawanywa kwa mikoa ya kipolisi. Ukiwa upande wa Kinondoni, Mwenge, Tegeta na kadhalika, kituo kikubwa ni Oysterbay. Upande wa Temeke, Mbagala, ni Chang'ombe. Ukiwa Ilala anza na kituo kikubwa cha polisi kilicho karibu yako uulize. Ukifika getini usiseme "nimekuja kwa trafiki" maana utaoneshwa kila mtu, sema unamtafuta mkaguzi wa magari. Huyo ni trafiki mwenye fani ya ufundi. Uliza siku anazokagua na eneo analokagulia, kwa sababu mara nyingine gari hazikaguliwi pale pale kituoni, mnapelekwa kwenye uwanja. Mimi natuma hata bodaboda wa kijiweni anipitie aulize, au napita mwenyewe jioni nikitoka kazini, kesho yake ndo napeleka gari.

Alafu kuna NIT pale Mabibo, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, wana kituo cha ukaguzi chenye mashine. Kama unataka kujua hali halisi ya gari, hasa ukiwa unanunua au unajiandaa na safari ya Desemba kwenda Moshi au Bukoba, mimi napapenda pale kwa sababu mashine haina undugu na fundi wako. Breki inapimwa tairi kwa tairi, unaambiwa ya kushoto inashika kuliko ya kulia, kitu ambacho ukiendesha mjini kwenye foleni huwezi kukijua mpaka siku ya mvua unapokanyaga ghafla gari inavuta pembeni.

Kabla hujatoka nyumbani, karatasi. Kadi ya gari, leseni yako ya udereva, bima. Bima usiamini karatasi, ingia kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, weka namba ya gari uone kama kweli iko hai, kuna watu wameuziwa bima hewa wakajua siku ya ajali. Pia angalia deni la trafiki kwenye tms.tpf.go.tz, madeni ya kamera yanajikusanya bila wewe kujua, lipa uende bila deni. Kingine ambacho kinawakwamisha watu kijinga ni namba ya chesesi. Mkaguzi anasoma iliyogongwa kwenye bodi anailinganisha na kadi herufi kwa herufi. Yangu iko kwenye ukuta wa bodi nyuma ya injini, mara ya kwanza ilikuwa imefunikwa na grisi na vumbi hadi haisomeki, nikarudishwa nikaisafishe. Siku hizi nachukua mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo, dakika mbili namba inang'aa.

Usiku wa kuamkia ukaguzi fanya ukaguzi wako. Mwambie mtoto asimame nyuma ya gari, wewe kanyaga breki, washa indiketa kulia, kushoto, rivasi, taa ya namba. Hiyo ya namba watu wanaisahau sana na balbu yake ni bei ya soda. Honi, waipa, saitimira zote, mikanda yote mpaka ya nyuma, ivute kwa nguvu uone kama inashika. Traiango mbili, mtungi wa kuzimia moto mshale uwe kwenye kijani. Hendibreki ijaribu mlimani, sio kwenye tambarare.

Matairi nayaongelea zaidi kwa sababu ndo yanaua. Usiangalie kashata, yaani meno ya tairi, peke yake. Pembeni ya tairi tafuta maandishi ya DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne kwenye kiduara kama yai, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2314 ujue imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mimi niliwahi kununua matairi manne ya mtumba, kashata nene kabisa, yamepakwa dawa yanang'aa, nikaona nimelamba dume. Mkaguzi akachuchumaa, akapitisha kidole pembeni, akanionesha vinyufa vidogo kama udongo wa mfinyanzi uliokaukia juani, akasema "dereva hili tairi ni zee kuliko mwanao wa kwanza." Nikahesabu, kweli. Kwenye mifereji ya tairi pia kuna vijivimbe vidogo vimelala katikati, kashata ikishuka ikalingana navyo basi hilo limeisha, hata kama fundi wa pancha anakwambia linasogeza mwezi.

Ukifika uwanjani ni salamu na utulivu, "afande habari za kazi", toa karatasi, zima mziki. Atakwambia fungua boneti, washa taa, kata usukani. Alafu atapiga jeki ashike tairi la mbele kwa juu na chini alitikise, kisha kushoto na kulia. Mara ya mwisho nilikuwa nimesimama pembeni nikasikia "tok tok" ndogo kabisa, mimi ningesema ni jeki. Akalala chini kwenye boksi la karatasi, akanivuta nami nilale, akaweka mkono wangu kwenye tairodi endi, kile kiungio cha usukani na tairi, huku mwenzake anatikisa usukani. Nikaisikia inacheza ndani ya kiganja. Ile ingechomoka Kibaha nikiwa spidi 80 na familia ndani ningeandika nini leo? Nikaenda Shaurimoyo nikanunua mpya zote mbili, fundi akafunga na kupiga wili alaimenti, kesho yake nikarudi ikapita.

Ukifelishwa omba akuandikie kasoro zote. Usiondoke na maneno ya mdomo, utarekebisha moja kesho utaambiwa nyingine, na fundi naye atakutajia zake ambazo hazikuwepo. Karatasi ikiwa mkononi unampa fundi, "nitengenezee hizi tu."

Na pesa. Malipo ya serikali ni kwa kontroo namba, unalipa kwa simu au benki unabaki na risiti. Pale nje ya vituo kuna vishoka, kijana anakufuata "bro nipe kadi na elfu kadhaa nakutolea ripoti, gari iache hapo hapo." Mimi nilishampa mmoja, niliona nina haraka. Nikaletewa karatasi ina muhuri na kila kitu, nikaipakia kwenye maombi ya leseni, ikakataliwa, kumbe haitambuliki. Nikalipa mara mbili, gari ikalala wiki mbili, na kibaya zaidi ni kwamba breki za nyuma zilikuwa zimeisha kweli na hakuna mtu aliyeziangalia, na kabla gari haijalala mimi huyu huyu nilikuwa nabeba abiria.

Kwa kalenda, mimi nimeandika kwa kalamu ya maka nyuma ya bahasha ninayohifadhia kadi: bima tarehe fulani, LATRA tarehe fulani, mkaguzi mwezi mmoja kabla, stika ya mwaka gani. Nimeweka na alamu kwenye simu, lakini simu zinaibiwa. Dada yangu nimemwandikia yake pia, Hiace inakwenda kwa mkaguzi Jumatatu ya kwanza ya likizo saa moja asubuhi, na mafuta ya taa na mswaki viko kwenye dashibodi.