Umepata gari la zamani la Mmarekani? Usikate kitu kwanza

Mbukwa wakuu. Hii naandika kwa yeyote aliyepata gari la zamani la Mmarekani, iwe Jeep, Ford pikapu au Chevrolet, lililokaa miaka chini ya mti huko Mpwapwa au Kongwa, sasa kalivuta mpaka nyumbani anajiuliza nilirudishe kama lilivyotoka kiwandani au nitie injini ya Toyota maisha yaendelee. Mfano wangu ni Jeep CJ-5 ya 1965 maana ndo ninayo, ila njia ya kuamua ni ileile kwa gari yoyote ya umri huo.

Kitu kimoja nakisema mapema kwa sababu kiliniuma. Usikate chochote mpaka ujue gari lina nini. Kabla ya hii Jeep nilikuwa na Ford pikapu, wiki ya kwanza tu nikamruhusu fundi akate maunti (vishikizo) za injini maana tulishakubaliana tunaweka dizeli, injini ikaingia lakini gia boksi ikagonga kroz memba (kile chuma kinachokatiza chesisi kwa chini), tukakata na kroz memba, propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye tairi, ikawa fupi, rejeta ikakosa pa kukaa, hela ikaisha gari likiwa vipande vipande, mwisho likaondoka kwa kilo kama chuma chakavu. Na ile injini yake ya mwanzo wala hatukuwahi kuijaribu. Bado naliwaza lile gari.

Kwahiyo anza na karatasi. Kadi ya gari ipo? Namba ya chesisi iliyo kwenye kadi ndo iliyo kwenye chuma? Kama havifanani malizana na TRA kabla hujanunua hata gasketi, na ukija kubadilisha injini kumbuka kadi nayo inabidi ibadilishwe.

Alafu chesisi. Osha kwa maji ya presha mpaka tope la miaka yote litoke, ingia chini na nyundo ndogo na bisibisi, gonga taratibu kuanzia mbele mpaka nyuma, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa mlio mfu na bisibisi inazama. Kwenye hizi CJ kagua sana pale stelingi boksi inapofungwa mbele kushoto maana panapenda kupasuka, kagua na hanga za springi. Hapa tuna bahati watu wa kati, mvua ya Dodoma ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka na hewa ni kavu, gari lililokaa huku haliozi kama lililokaa Tanga au Dar kwenye chumvi ya bahari. Ukiambiwa limetoka pwani, gonga mara mbili.

Sasa injini, na hapa ndo watu wengi tunakosea kwa haraka. CJ nyingi za wakati ule zilikuja na injini ya silinda nne inaitwa F-134, hiyo namba ni inchi za ujazo, sawa na lita 2.2, nguvu zake zilitajwa farasi 75. Ni injini ya ajabu kidogo, valvu za kuingiza hewa ziko juu kwenye silinda hedi lakini za ekzosti ziko chini ndani ya bloku, kwahiyo fundi aliyezoea Toyota akifungua hedi akaona valvu nne tu anaweza kudhani kuna vitu vimeibiwa. Mwambie mapema. Kabla ya kuifungua ijaribu: toa plagi zote, mwagia oili kidogo kila silinda, iache siku tatu nne, alafu izungushe kwa mkono taratibu, usipige stata. Ikizunguka pima kompresheni. Silinda zote nne zikisoma karibu sawa, hata kama namba ni ndogo kidogo, hiyo injini ina maisha. Moja ikiwa chini sana tia kijiko cha oili kwenye hiyo silinda upime tena, ikipanda ujue ni ringi, isipopanda ni valvu, na kwa F-134 mara nyingi ni valvu ya ekzosti imeungua, kazi ambayo fundi mchongaji mzuri anaifanya bila kutupa injini. Usitumie petroli iliyobaki kwenye tangi, funga kidumu chenye petroli mpya juu ya injini ishuke yenyewe kwenye kabureta.

Ikiwaka na ikawa inatoa moshi mweusi usiogope. Mji wetu uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini ya kabureta inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu ukilinganisha na Dar na petroli inakuwa nyingi kuliko hewa inayoingia. Chomoa plagi uiguse, masizi makavu ni petroli imezidi, punguza jeti (kile kitundu kinachopitisha petroli kwenye kabureta), ikiwa nyeusi yenye utelezi wa mafuta hapo ndo oili inapanda.

Ukishajua hayo ndo ukae uamue, na swali la kwanza ni hili gari litaenda wapi. Jibu kwa ukweli kabisa. Mimi yangu inaenda shamba la zabibu Hombolo, inabeba maji na watu wawili, na siku moja moja inakwenda Mvumi. Kwa kazi hiyo gia tatu na injini yake ya asili zinatosha kabisa, mwendo wa 60 au 70 ndo raha yake. Ila mtu anayetaka aende nalo Morogoro na kurudi kila mwezi, njia ile imejaa malori, stelingi iko kushoto wakati sisi tunaendesha kushoto, ukitaka kulipita lori unatoa gari lote upande wa pili wa barabara ndo unaona mbele, huyo namwambia waziwazi atafute gari lingine la safari na hili alitunze. Kuhamisha stelingi kwenda kulia watu wanafanya, ila mkono wa stelingi na zile rodi zake zisichomelewe hata kidogo, kimoja kikikatika mwendoni hakuna cha kukuokoa, kama hupati vipande kamili acha ilivyo.

Swali la pili, spea. Watu wanafikiri spea za Jeep hazipo, lakini Marekani bado zinatengenezwa mpya, gasketi, ringi, masta silinda (pampu ya breki), mpaka vipande vya bodi, shida ni uzito wa kusafirisha. Vidogo agiza, vizito tengenezesha hapa. Rejeta unaweza kuwekewa kifua kipya (ile sehemu ya katikati yenye mirija), springi zinaongezwa jani, bushi mchongaji anakutolea kwenye mashine ya leiti. Na nunua seti ya spana za inchi kabla ya kitu kingine, maana nusu inchi ni milimita 12.7, spana ya 13 inaingia lakini inachezacheza mpaka inakula kona za boliti. Alafu kuna hizi za zamani ambazo nati za tairi upande wa kushoto zinafunguka kinyume, nimeona kijana anarukia spana mpaka stadi ikakatika na yeye alidhani ni kutu.

Dizeli sasa, maana najua utauliza. 3L, injini ya dizeli ya Toyota, ni cc 2,779, inapatikana, kila fundi anaijua, na mtu mwenye gari ambalo bloku yake imepasuka kweli simlaumu akiiweka. Ila hesabu yote si injini. Ile gia boksi ya zamani haifungani nayo, kwahiyo inakuja na gia boksi yake, ikija na gia boksi yake boksi ya fowilu ya Jeep (inayogawa nguvu tairi za mbele na za nyuma) haikai palepale, na kwenye hizi za zamani propela ya nyuma haitoki katikati, inatokea kulia na difu nayo iko kulia, kwahiyo mpangilio wote wa chini unaguswa. Andika kila kimoja na bei yake kwenye karatasi, injini iwe mstari mmoja tu katika hiyo karatasi, ukijumlisha linganisha na ovaholi ya injini uliyonayo. Mimi nilipojumlisha sikuhitaji ushauri wa mtu.

Msimamo wangu ni badilisha unachoweza kukirudisha kwa spana tu. Daynamo ya kuchajia betri itoe weka altaneta, ya zamani ipake grisi uihifadhi kwenye boksi na uiandike jina. Rimu za Suzuki Jimny zina matundu matano kwenye mduara wa milimita 139.7 sawasawa na za Jeep, ila hakikisha tundu la katikati linapita kwenye habu na nati zinakaa vizuri kwenye matundu. Filta ya hewa ile ya kuogea oili usiitupe, kwa vumbi letu inafanya kazi nzuri mradi unaiosha na kubadilisha oili yake mara kwa mara.

Breki hapo sina mjadala, usitunze uasili. Nyingi za miaka ile zina masta silinda ya njia moja, paipu moja ikipasuka magurudumu yote manne hayana breki. Weka masta silinda ya njia mbili, paipu mpya zote, na mpira wowote uliokuta kwenye gari utupe hata kama unaonekana mzima. Hendibreki yake inashika propela ya nyuma, haishiki magurudumu, kwahiyo ukiinua tairi moja la nyuma kwa jeki hendibreki haikuzuii kitu, weka mawe.

Rangi iwe ya mwisho kabisa hata kama unaona aibu kupita nalo mjini. Endesha likiwa na madoa yake miezi miwili mitatu, kaza boliti zote tena, ona oili inavuja wapi, ona difu inalia au hailii, maana kila ukirudi kufungua kitu utakwaruza. Na siku ya kupiga rangi anza alfajiri, mwagia sakafu na uwanja maji kwanza, ikifika saa nne upepo wa Dodoma umeshaamka na vumbi lote la mtaa litakaa juu ya boneti.