Kura za komwe: jinsi ya kuona mwisho wa chembe zinazoigana

Ubao wa bao unatosha kuonyesha modeli ya wapiga kura, ambamo kila mmoja huiga maoni ya jirani aliyechaguliwa kinasibu; ni mmoja wa mifano myepesi ya chembe nasibu zinazoathiriana. Nafundisha tuisheni hapa Lamu, na somo hili hulifanyia barazani baada ya alasiri, kabla wazee hawajautaka ubao wao.

Hatua ya 1. Tumia upande mmoja wa ubao: mistari miwili ya mashimo 8, jumla 16. Yahesabu kwa kuzunguka, la 16 lipakane na la 1. Mashimo 8 yanayofuatana yatie komwe mojamoja, 8 yaliyobaki haragwe mojamoja. Weka akiba pembeni.

Hatua ya 2. Rusha sarafu mara 4. Upande wa namba kwenye mrusho wa kwanza ni 8, wa pili 4, wa tatu 2, wa nne 1. Upande wa picha ni sifuri. Jumlisha, ongeza 1, umepata shimo. Mrusho wa 5 unachagua jirani wa kulia au wa kushoto. Shimo linamwiga jirani huyo.

Hatua ya 3. Badilisha shimo moja tu kila mara. Siku ya kwanza nilitaka kuokoa muda, nikabadilisha yote kwa mpigo. Komwe na haragwe zilikuwa zimepishana mojamoja. Kila shimo likamwiga jirani, zikapishana upya kinyume. Tena, na tena. Tungekesha.

Hatua ya 4. Piga hesabu kabla vidole havijachoka. Mipaka ya rangi, yaani pale komwe zinapokutana na haragwe, ni miwili, hivyo kwa wastani zamu 7 kati ya 8 hazibadilishi kitu. Zinazobadilisha huongeza au hupunguza komwe 1 kwa nafasi sawa, hadi 0 au 16. Kutoka 8 wastani ni mabadiliko 8 × 8 = 64, yaani zamu 512 na mirusho 2,560! Ruka zamu tupu: mrusho mmoja, badiliko moja. Ukianza na komwe 4, nafasi yake ya kushinda ni 4/16.

"Mwalimu, lazima ibaki rangi moja?" aliuliza mzee mmoja. Kwa ubao huu, ndiyo, mzee wangu.

Hatua ya 5, na hapa usiharakishe. Andika daftarini nani kamwiga nani, kisha fuata kinyumenyume: rangi ya shimo hili ilitoka wapi? Kila nasaba, yaani mnyororo wa walioigwa, inatembea kinasibu, na mbili zikikutana huwa moja. Sasa fikiria ubao usio na mwisho. Mwanahisabati Pólya alionyesha mwaka 1921 kwamba kwenye mstari na kwenye uwanda mtembezi wa aina hii hurudi alikoanzia bila shaka, hivyo nasaba mbili hukutana. Kwenye vipimo vitatu (urefu, upana na kimo) hurudi kwa uwezekano wa takriban 0.34 tu, nasaba hupoteana, na rangi zote mbili hudumu. Wanahisabati Holley na Liggett waliithibitisha picha hiyo mwaka 1975.

Wengi hukosea kuhusu mstari usio na mwisho, wakidhani rangi moja hushinda milele. Mashimo yoyote machache utakayoyachungulia baada ya muda mrefu, karibu kila mara utayakuta ya rangi moja, lakini rudi baadaye: huenda rangi imegeuka, na itageuka tena.